Kijiji cha pwani kimejaa watu, hela ziko kwa nani? Namna ya kuhesabu watu na kipato mwenyewe

Hii nawaandikia vijana wa kamati za shehia (ile ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha), walimu, wanachuo mnaorudi kufanya fildi kwenu, na yeyote yule aliyewahi kuulizwa na mfadhili "hebu tupeni hali ya kijiji chenu" akaishia kuandika ile sentensi yetu ya miaka yote, kwamba wananchi wengi ni wavuvi na wakulima wa mwani na hali zao za maisha ni duni. Labda mwaka 1995 ilitosha. Saivi ukiisoma hiyo sentensi halafu ukashuka Paje ukakuta vyumba vya kupangisha vimejaa watu kutoka mikoa mingine, na mama aliyeacha mwani anauza chapati kwa mafundi ujenzi, unajiuliza ripoti inasema kijiji gani.

Mifano yangu mingi ni ya kusini mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani, Makunduchi na jirani zao. Ila ukiwa Kilwa, Mafia, Pangani, Msambweni au Lamu njia ni ileile, utabadilisha tu majina ya ofisi na aina ya kitoweo.

Kabla ya namba yoyote, jiulize kijiji ni kipi. Naona watu wanaruka hapa. Jambiani watu wanaitaja kama kitu kimoja lakini kiserikali kuna Jambiani Kibigija na kuna Jambiani Kikadini, shehia mbili, na baina ya sensa moja na nyingine shehia huwa zinagawanywa, mipaka inasogezwa, jina linabaki. Ukichukua namba ya jina lilelile miaka miwili tofauti unaweza kuona watu "wamepungua" kumbe nusu yao wamepewa shehia mpya. Kwahiyo nenda kwa sheha, muulize mpaka wa sasa unapita wapi na kama ulibadilika lini, uchore hata kwa mkono kwenye karatasi, msikiti huu, kisima kile, barabara. Hiyo karatasi itakuokoa baadae. Na kwenda kwa sheha ni lazima kwa sababu nyingine pia, huwezi kuanza kuuliza watu hela zao bila yeye kujua, na kama ni utafiti rasmi wa chuo au shirika Zanzibar unahitaji kibali cha utafiti, usianze bila hicho.

Sasa namba. Tanzania imehesabu watu 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ripoti zipo bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na kwa upande wa Zanzibar Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali (OCGS), tafuta zile zenye mgawanyo wa shehia au kata, na kama intaneti inasumbua piga hodi ofisini kwao, ukieleza unataka nini unaelekezwa. Anza juu ushuke chini, mkoa kwanza, ndo wilaya, ndo shehia, mana namba ya shehia peke yake haina cha kuilinganisha nacho.

Tuchukue mkoa wa Kusini Unguja. 2002 walikuwa watu 94,504. 2012 wakawa 115,588. 2022 wakafika 195,873. Zitazame hizo namba tatu vizuri. Miaka kumi ya mwanzo wameongezeka kama elfu 21, miaka kumi iliyofuata wameongezeka elfu 80. Hapo usikurupuke kuandika, hesabu kasi ya ukuaji kwa mwaka. Chukua simu, fungua kikokotoo, ilaze simu upande zitokee zile batani za ziada, gawa namba mpya kwa ya zamani: 195,873 kwa 115,588 unapata 1.6946. Bonyeza ln (batani ya logi asilia), unapata 0.5274. Gawa kwa miaka 10, zidisha mara 100, hiyo ni asilimia 5.3 kwa mwaka. Fanya hivyohivyo kwa 2002 na 2012 utapata asilimia 2.0. Halafu kujua watu watakuwa mara mbili baada ya muda gani chukua 70 ugawe kwa hiyo asilimia, kwa kasi ya 2.0 ilikuwa miaka 35, kwa kasi ya 5.3 ni miaka 13 tu.

Zanzibar nzima kwa kipindi hichohicho cha 2012 mpaka 2022 ilikwenda kwa asilimia 3.7, kutoka watu 1,303,569 kufika 1,889,773. Mjini Magharibi kwenye mji wenyewe ni kama 4.1. Kwahiyo Kusini, mkoa ambao zamani ulikuwa unasifika kwa watu kuondoka, ndio uliokua kwa kasi kuliko mikoa yote mitano ya Zanzibar. Na hakuna namna hii ikawa ni uzazi peke yake, mana uzazi unashuka, kwa Tanzania mwanamke alikuwa na wastani wa watoto 5.2 kwenye utafiti wa 2015/16, ule wa 2022 ukasema 4.8. Uzazi unapungua halafu watu wanaongezeka mbio vile, maana yake kuna watu wamehamia.

Lakini ngoja. Mkoa wa Kusini una wilaya mbili, Kati na Kusini, na Wilaya ya Kati ndiko kuliko Tunguu ambako mji unatambaa kila siku, watu wanajenga, chuo kikuu SUZA kipo huko. Sehemu ya hizo elfu 80 ni watu wa mjini waliotafuta kiwanja cha nafuu, hawana habari na bahari wala hoteli. Ndo maana nasema shuka mpaka shehia. Ukiandika "utalii umeongeza watu asilimia 5.3 kwa mwaka" kwa kutumia namba ya mkoa umedanganya bila kujua.

Mtego wa Agosti

Hili sijaona watu wakilizungumza sana na kwa pwani ni kubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, aliyelala hapo anahesabiwa hapo. Agosti pwani ya mashariki ni msimu wa upepo wa kusi, hoteli zimejaa, wafanyakazi wote wapo kazini, Paje upepo ni wa wale wazungu wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, kila chumba cha kupanga kina mtu. Sasa fikiria wangehesabu mwezi wa tano katikati ya masika, hoteli nyingine zimefungwa, wahudumu wamerudi kwao Tanga, Moshi, Pemba. Ni kijiji kilekile chenye idadi mbili, na zote ni kweli.

Na sensa ya 2012 ilikuwa tarehe 26 Agosti, wiki moja tu baada ya Idi el Fitri. Wenyewe mnajua Idi shamba inavyokuwa, wangapi walikuwa bado hawajarudi mjini sijui, ila ukilinganisha miaka hiyo miwili kwa kijiji kidogo weka hilo akilini.

Upande wa wavuvi ni dago. Wavuvi wanahama na upepo, wanapiga kambi sehemu nyingine wiki au miezi, halafu wanarudi. Kijiji chenye dago kinaweza kuonekana kina wanaume wengi ajabu, na kule walikotoka kunaonekana wanawake tupu. Kabla hujaandika kwamba "wanaume wameikimbia familia" uliza kwanza kama ni msimu wa dago.

Ushauri wangu ni huu, usitoe idadi moja. Toa mbili, ya msimu wa kazi na ya masika, sema wazi hii ni ya lini.

Chora umbo la umri

Chukua daftari la hesabu lile la vijumba, mstari katikati, wanaume kushoto wanawake kulia, chini watoto 0 mpaka 4, juu yake 5 mpaka 9, unapanda hivyo miaka mitano mitano mpaka 80 na zaidi. Kijumba kimoja watu kumi, au watano kama kijiji ni kidogo. Namba za umri kwa wilaya zipo kwenye ripoti za sensa, za shehia yako pengine utazikusanya mwenyewe.

Ukimaliza kuchora tafuta mashimo na vitambi. Shimo kwenye miaka 15 mpaka 24 maana yake watoto wameenda skuli na vyuo mjini au kutafuta kazi. Kitambi upande wa wanaume miaka 20 mpaka 34 ni wafanyakazi waliokuja, hoteli, ujenzi, bodaboda. Ukiona shimo na kitambi kwa wakati mmoja, karibu umri uleule, hapo una habari kubwa, vijana wa kijiji wametoka na vijana wengine wameingia nafasi zao, na jumla inaonyesha kama hakuna kilichotokea. Hilo ndilo swali watu wa pwani wanabishana kila siku vijiweni, mchoro unakupa pa kuanzia badala ya kupiga kelele.

Kuna hesabu nyingine inaitwa uwiano wa utegemezi, unajumlisha watoto chini ya 15 na wazee wa 65 kwenda juu, unagawa kwa walio baina yao, unazidisha mara 100. Ni rahisi ila kwa vijiji vya hoteli inadanganya sana. Muhudumu wa miaka 25 anahesabiwa kama nguvu kazi ya kijiji, wakati tegemezi wake, mama yake na watoto wake, wako kwao mkoani. Ukimweka humo uwiano unashuka unaonekana mzuri, unaandika kijiji kina mzigo mdogo, wakati nyumba za wenyeji zina bibi mmoja na wajukuu sita. Hesabu mara mbili, wenyeji peke yao na wote pamoja.

Njia ya haraka ya kupima bila sensa: nenda skuli, omba idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza miaka kumi iliyopita, mwaka hadi mwaka, na nenda kituo cha afya uulize idadi ya watoto wa chanjo. Hawakupi majina na usiyaombe, idadi tu. Tuseme watu wa shehia wameongezeka kwa nusu lakini darasa la kwanza limeongezeka kidogo tu, basi walioongezeka ni watu wazima waliokuja peke yao. Siku darasa la kwanza nalo likaanza kupanda kwa kasi ujue wageni wameanza kuleta familia, wanahamia kweli, na hapo mipango ya maji na madarasa ndo inabadilika kabisa.

Kupita nyumba kwa nyumba

Huna haja ya kupita zote. Kama kijiji kina nyumba 600 na unataka 60, kila ya kumi ingia, lakini anzia nyumba uliyoichagua kwa bahati nasibu, na usikubali kuelekezwa "twende kwa fulani anajua kuongea". Nyumba za barabarani na za ufukweni ndo zinazofikika na ndo zenye hela, za ndani kule kwenye mawe ndo utaziruka kwa uvivu wa jua. Zipite.

Kaya ni watu wanaokula pamoja, sio wanaolala paa moja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu. Na kwetu kuna suala la mume wa wake wawili, ukienda nyumba ya kwanza anatajwa, ya pili anatajwa, na hela zake zinatajwa kote kuwili, kijijini kukiwa na waume ishirini wa namna hiyo umeshawaongeza watu ishirini hewa na vipato ishirini hewa. Mhesabu alikolala jana basi, na hela andika ile anayoiacha kila nyumba.

Uliza pia kwa kila mtu: ulizaliwa wapi, umekuja hapa mwaka gani, na nani wa nyumba hii yuko nje, yuko wapi, anatuma hela au anatumiwa. Mjini, Dar, Oman, Dubai, popote. Usiulize kwa sauti ya polisi. Kuuliza "wewe sio wa hapa?" ni tofauti na "nyumbani wapi?", wageni wanajua wanavyosemwa.

Kipato, hapa kaa

Usimuulize mtu "unapata shilingi ngapi kwa mwezi". Hatakwambia, na hata akitaka kukwambia hajui, kwa sababu hela ya pwani haiji kwa mwezi. Inakuja kwa bamvua (siku maji yanapojaa na kutoka sana), kwa safari, kwa msimu, kwa mgeni. Ukitaka jibu la kweli uliza kwa kalenda yake.

Mwani kwa mfano. Kilimo cha biashara kilianza 1989 hapohapo Paje na Jambiani kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na kabla yake kina mama walikuwa wanafukia makumbi ya nazi pwani na kusokota kamba za usumba. Kwa wanawake wengi mwani ndo ilikuwa mara ya kwanza kushika hela yao wenyewe, nyumba za mawe na mabati na ada za skuli za wakati ule ukiuliza utaambiwa mwani. Kazi inafanyika maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, ambayo ni mara mbili kwa mwezi. Kwahiyo uliza hivi: bamvua lililopita umeuza kilo ngapi, mkavu au mbichi (ukikauka unapungua uzito sana, ukichanganya hizi mbili hesabu yote imekufa), kwa bei gani, kamba ni zako au za kampuni, na mwaka jana ulikaa mabamvua mangapi bila kuuza. Kisha uliza aina. Kuna spinosamu ambayo ni vumilivu lakini bei yake ndogo, na kotoni yenye bei nzuri ambayo imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kadri bahari inavyozidi joto, wanaotaka kuendelea nayo inabidi waende kina kirefu, na huko panataka boti na kujua kuogelea. Wengi mno wa wakulima ni wanawake na wengi hawakufundishwa kuogelea. Ukiona kipato cha mwani kimeshuka shehiani kwako usiseme "wamekuwa wavivu", uliza ni aina gani walikuwa wakilima.

Halafu muulize aliyeacha. Huyu watafiti wanamsahau kwa sababu hayuko tena pwani. Ameenda wapi? Wengine wanachokoa pweza, wengine kukanda wageni ufukweni na kuchora hina, kuna waliogeukia sabuni na mafuta ya mwani, Jambiani wapo wanaofuga sponji za baharini. Kila moja ina namna yake ya kulipa.

Samaki usiulize "unavua kiasi gani", uliza "safari ya mwisho mligawana vipi". Kila chombo kina mgao wake, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kuna fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, kinachobaki wanagawana mabaharia. Mwenye chombo na baharia wake ni wavuvi wote kwenye ripoti lakini vipato vyao vimepishana mbali kabisa, waandike safu tofauti. Na uliza kitoweo kilichoenda nyumbani, samaki aliyeliwa ni kipato hata kama hakuuzwa, mpe bei ya sokoni siku ile umuandike.

Hoteli. Mshahara watakutajia, bakshishi hawatakutajia, sio mbaya. Ukitaka kujua kama hela ya hoteli inakaa kijijini au inapita, muulize mfanyakazi vitu vitatu tu: kodi ya chumba unalipa kiasi gani, unakula wapi, na kila mwezi unatuma nyumbani kiasi gani kwa simu. Hapo utagundua kitu ambacho binafsi naona ndo kiini cha habari nzima, wenyeji wengi hawafanyi kazi hotelini lakini wanakula kutoka hotelini, kupitia kodi za vyumba vya wafanyakazi, chapati za asubuhi, maji, bodaboda, kufua. Hiyo haiandikwi popote kama utalii. Inaandikwa "biashara ndogondogo". Na hela hiyo inakatika papo hapo hoteli ikifungwa. Watalii walioingia Zanzibar 2019 walikuwa 538,264, mwaka 2020 wa korona wakaanguka mpaka 260,644, na 2023 wakapanda 638,498. Kwahiyo ukipata mtu anakwambia kipato cha "mwaka" muulize mwaka upi, anayelinganisha 2020 na 2023 ataona muujiza wa maendeleo, akilinganisha 2019 na 2020 ataona msiba, na yote ni kijiji kilekile.

Papasi nao, wale vijana wanaofuata watalii ufukweni, waandike. Watu wanawaruka kwa sababu wanawaona ni aibu ya kijiji, lakini ni vijana wetu na wana hela ya msimu, ukiwaacha unaacha kundi zima la wanaume wa miaka 18 mpaka 30.

Sasa kiwanja. Hapa tutulie. Mtu ameuza shamba la ufukweni, hela nyingi mara moja, kajenga, kanunua gari ya biashara, kaoa. Ukimhoji mwaka ule, kipato chake ni kikubwa kuliko cha kijiji kizima. Ukirudi baada ya miaka mitano hana shamba wala hela. Hela ya kiwanja isiingie kabisa kwenye safu ya kipato, iwe na safu yake peke yake, mana ile ni mali imebadilika sura. Kisheria Zanzibar ardhi ni ya serikali, Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 inakupa haki ya kutumia, lakini kijijini watu wanauza, tena zamani mtu alihesabu minazi yake zaidi ya udongo. Uliza: eneo liliuzwa mwaka gani, lilikuwa linaingiza nini kabla (nazi, mhogo, njia ya kushukia pwani kuanika mwani), na hela ilifanya nini. Ukijumlisha majibu ya nyumba 60 unapata ramani ya pwani ilivyotoka mikononi mwa watu, na pengine utakuta pahala pa kuanikia mwani hapapo tena, ndo sababu nyingine ya watu kuacha kulima.

Mtu akigoma kabisa kutaja kipato, ingia kwa mlango wa matumizi. Hata serikali inafanya hivyo, ule Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya unapima umasikini kwa matumizi. Mchele kilo ngapi kwa wiki, umeme, mkaa, nauli, ada. Na muulize mchezo (upatu) anacheza wa shilingi ngapi na kila baada ya siku ngapi. Anayetoa elfu tano kila siku kwenye mchezo hawezi kukwambia anaingiza laki moja kwa mwezi, mtacheka wote wawili na atakwambia ukweli.

Bei za zamani na za sasa

Ukimuuliza bibi mwaka 1992 alipata kiasi gani kwa mwani atakutajia hela ambayo saivi hainunui hata vocha, na kijana atasema "kumbe sisi matajiri". Njia rasmi ni kuchukua fahirisi ya bei (namba inayoonyesha bei zimepanda kiasi gani) kutoka OCGS au NBS, gawa ya sasa kwa ya zamani, zidisha na kile kipato cha zamani. Njia ya kijijini, ambayo wazee wanaikumbuka kuliko shilingi, ni mchele na kanga. Uliza: wakati ule kununua kilo moja ya mchele ulihitaji kuuza kilo ngapi za mwani? Doti ya kanga je? Na leo? Andika majibu ya miaka mitatu minne tofauti kwenye mstari mmoja, kila mtu kijijini atauelewa bila kufundishwa.

Usitoe wastani peke yake

Mfano wa kubuni huu, nyumba tisa, kipato cha mwezi kwa maelfu: 120, 150, 150, 180, 200, 250, 300, 450 na 3,200. Ile ya mwisho ina nyumba ya wageni. Jumlisha gawa kwa tisa unapata 555 elfu na ushee. Nyumba nane kati ya tisa ziko chini ya huo "wastani". Zipange kutoka ndogo kwenda kubwa uchukue ya katikati, ni 200 elfu. Toa zote mbili, na tofauti baina yake ndo inayosema hali ya kijiji. Kama miaka inavyokwenda wastani unapaa na ya katikati imesimama palepale basi hela zinaingia ila kwa wachache.

Halafu gawa makundi: wenyeji na waliohamia, wanawake na wanaume, chini ya 35 na juu yake. Usijumlishe kijiji kizima kabla hujafanya hivi. Umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 mpaka 25.7 mwaka 2019/20, hiyo ni namba ya serikali na sina ugomvi nayo, lakini haishuki mpaka shehia yako na haikwambii kama aliyenafuka ni yule bibi wa usumba au ni kijana aliyehamia juzi na kesho anaondoka.

Wenzetu wa bara mtatumia mtendaji wa kijiji na rejesta ya wakaazi kama ipo, na kamati za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe na uvuvi) kwa habari za vyombo na wavuvi. Kenya ni chifu, BMU na KNBS (ofisi yao ya takwimu), sensa zao mbili za karibuni ni 2009 na 2019, mfano Lamu kaunti ilitoka watu 101,539 ikafika 143,920, piga ile hesabu ya ln utapata kama asilimia 3.5, kisha fanya kama nilivyosema, nani kazaliwa na nani kaja.

Mkikaa kuandika msiite takwimu zenu rasmi, semeni ni makadirio ya nyumba 60, yamekusanywa mwezi fulani, na msiweke majina wala kitu cha kumtambulisha mtu, kijijini ukiandika "mjane mwenye boti mbili" umeshamtaja. Rudisheni matokeo kwa watu kabla ya kwa mfadhili, baada ya sala ya Ijumaa au kwenye mkutano wa sheha, bango moja lenye ule mchoro wa umri na mstari wa mwani na mchele, watawasahihisha hapohapo na masahihisho hayo yaandikeni. Nyumba mlizopita Agosti zipitieni tena hizohizo mwezi wa tano, mvua ikinyesha.